Skima ya Tangi la Maji ya Bahari: Nilivyochagua Nikiwa Dar es Salaam

Upepo wa kusi unapokaza, hasa Julai na Agosti, mawimbi ya Coco Beach huacha mchangani mstari wa povu zito lenye rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nikidhani ni sabuni ya majitaka, mpaka siku moja nikamtajia mzee jirani yangu hapa Kijitonyama, ambaye ujana wake wote ulipita juu ya ngalawa. Aliniangalia kwa huruma, akasema, “Mwanangu, hilo si sabuni. Bahari inajisafisha, taka zake inazitema pwani.” Sikujua siku ile kwamba mzee alikuwa amenieleza kwa sentensi mbili kazi ya mashine ambayo baadaye ningeinunua mara mbili, mara ya kwanza kwa kukosea.

Mashine hiyo ni skima ya protini, na sisi wachache tunaofuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani huiita skima tu. Taka za tangi, yaani mabaki ya chakula, ute wa samaki na kinyesi chao, hutoa ndani ya maji chembechembe za protini na mafuta zenye ncha mbili: moja inapenda maji na nyingine inayakimbia. Chembe ya namna hiyo ikikutana na kiputo cha hewa huona pa kupumzikia, kwa kuwa ncha moja hubaki majini na nyingine huchungulia ndani ya hewa. Viputo vikipanda kwa wingi ndani ya bomba, hubeba chembe hizo hadi kwenye shingo nyembamba, maji huchuruzika kurudi chini, na povu lililokauka kiasi humwagikia ndani ya kikombe likiwa rangi ya kahawa na harufu ambayo sitaieleza hapa. Chumvi ndiyo inayowezesha jambo hili, kwa sababu katika maji ya chumvi viputo vidogo haviungani upesi kuwa vikubwa kama vinavyofanya katika maji baridi, na ndiyo maana mwenye tangi la perege hana haja na mashine hii.

Ni vizuri kufahamu pia kisichowezekana. Skima haiondoi amonia wala nitreti (kemikali zinazotokana na taka kuoza) iliyokwisha kuundwa. Kazi yake ni kuondoa malighafi kabla bakteria hawajaifikia. Kwa hiyo hakuna skima itakayomwokoa mtu anayelisha samaki wake kama anayewanenepesha kwa ajili ya sikukuu.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Dar es Salaam kuna faida ya pili ambayo naiona kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzijoto 20 hushika miligramu 7.4 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzijoto 29, kama yanavyokuwa sebuleni kwangu kuanzia Desemba hadi Machi, hushika kama miligramu 6.3 tu, na wakati huohuo samaki, kwa sababu ya joto, wanahitaji oksijeni zaidi. Skima huchanganya hewa na maji usiku na mchana bila kuchoka. Usiku wa joto, wakati mwani umelala na hautengenezi oksijeni, samaki wangu huishi kwa hisani ya viputo.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kina cha 50. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili la sentimita 60 kwa 35, linalopokea maji ya juu kabla pampu haijayarudisha, ambalo fundi wa vioo wa Mwenge alinitengenezea baada ya kuuliza mara tatu kama nina hakika kwamba nataka tangi lenye vizuizi vya kioo katikati. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yote pamoja ni lita 260 hivi. Mawe niliyoyatumia ni makavu, ya kutengenezwa, kwa sababu matumbawe ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni mali ya maeneo tengefu na hayaokotwi kama kokoto za barabarani. Maji nayachota baharini kwa madumu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, na wakati wa masika siyachoti kabisa, kwa kuwa Mto Msimbazi unapomwaga tope lake karibu na Daraja la Selander, maji ya pwani huwa na chumvi pungufu na kila kitu kingine zaidi.

Skima ya kwanza niliagiza kwa shemeji yangu aliyekuwa anarudi kutoka Marekani. Ilikuwa mashine nzuri ya kuning’inizwa nyuma ya tangi, na nilijiona mjanja kwa kuwa nilikumbuka kununua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 hadi 110. Ilifanya kazi, lakini kwa unyonge. Povu lilipanda nusu ya shingo, likasita na kushuka. Nilisafisha na kurekebisha vali, nikaongeza maji na kuyapunguza, na kwa mwezi mzima kikombe hakikupata hata kijiko.

Kosa halikuwa la volti. Umeme wa Marekani hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde, na wetu 50, na transfoma haigusi jambo hilo hata kidogo. Pampu nyingi za kawaida za skima huzunguka kwa kuufuata mpigo wa umeme, kwa hiyo pampu iliyoundwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika kule, hapa huzunguka mara 3,000. Imepoteza sehemu moja katika kila sita za mwendo wake, na katika skima mwendo ndio unaovuta hewa. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachosoma kwenye mashine yoyote ni ile lebo ndogo iliyobandikwa kwenye pampu, kabla sijaangalia picha ya samaki kwenye boksi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague skima gani, ninamwambia kwamba anachagua pampu, na hayo mengine ni plastiki inayoizunguka. Fanya hesabu ndogo. Lita moja ya hewa ikigawanywa kuwa viputo vyenye kipenyo cha milimita moja, ngozi zote za viputo hivyo zikitandazwa huwa na eneo la mita za mraba 6. Ukivifanya viwe vya nusu milimita, eneo linakuwa mita za mraba 12, kwa hewa ileile. Skima inayovuta lita 400 za hewa kwa saa na kuzisaga hadi nusu milimita inatandaza ndani ya maji yako, kila saa, ngozi ya mita za mraba 4,800, ambayo ni kama theluthi mbili za uwanja wa mpira. Ikiwa viputo ni vikubwa na vinaonekana kimoja kimoja kama vya soda, mashine hiyo inapiga kelele tu. Pampu nyingi za siku hizi husaga hewa kwa pangaboi lenye vijiti vingi mfano wa brashi, linaloitwa pangaboi la sindano. Zipo pia za zamani zinazosukuma hewa kupitia kipande cha mbao laini chenye vitundu. Hutoa viputo vizuri sana na bei yake ni nafuu, ila mbao huziba na inabidi ibadilishwe kila baada ya wiki chache, na sijaona duka la Dar linalouza.

Sasa kuhusu lita zilizoandikwa kwenye boksi. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kupima, na wengi wao, kusema kwa adabu, ni wakarimu. Boksi likisema “hadi lita 1,000”, maana yake ni tangi lenye samaki wawili wadogo wanaofunga. Watengenezaji waungwana huandika namba mbili au tatu, moja kwa tangi lenye samaki wachache na nyingine kwa lenye samaki wengi, nami nasoma ile ndogo. Lakini dawa ya ukarimu huo si kununua dude kubwa kuliko yote. Povu halisimami bila taka za kulishikilia. Skima kubwa mno katika tangi lenye samaki wachache hupandisha povu kwa muda wa saa mbili baada ya chakula, kisha hukaa bure siku nzima. Mkemia Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, alizipima skima kadhaa kwa makini na kukuta kwamba ziliondoa kama asilimia 20 hadi 35 tu ya kaboni ya taka iliyoyeyuka majini, na kwamba tofauti kati ya mashine moja na nyingine haikuwa kubwa kama bei zake. Niliposoma hayo nilipumua. Kwa lita zangu 260 na samaki wanane wadogo, niliacha kutamani majina ya Kijerumani kama Tunze na Deltec, ambayo sina ubishi na ubora wake, nikatafuta mashine ya kawaida ya China yenye shingo isiyo pana kupita kiasi na pampu ya kuaminika.

Hapo ndipo nilipofika kwenye jambo ambalo waandishi wa Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja, kwa kuwa umeme wao haukatiki. Sisi tunapaswa kulitafakari kabla ya kutoa hela.

Skima ya kukaa ndani ya tangi la chini inataka kina cha maji kisichobadilika. Nyingi husema zikae kwenye maji ya sentimita 18 hadi 23. Zaidi ya hapo hutapika, pungufu ya hapo hukauka. Umeme ukiwepo, kizuizi cha kioo hushika kina hicho bila shida. Umeme ukikatika, pampu kuu inayopandisha maji husimama, na maji ya tangi la juu hushuka mpaka mdomo wa bomba la kurudishia uvute hewa. Mdomo wa bomba langu ulikuwa sentimita 2 chini ya uso wa maji. Sentimita 2 zinasikika kama si kitu, lakini kwa tangi la sentimita 120 kwa 45 ni karibu lita 11, na lita 11 zikishuka ndani ya tangi la sentimita 60 kwa 35 hupandisha maji yake kwa sentimita 5. Skima iliyozoea kusimama kwenye maji ya sentimita 20 sasa imezama kwenye 25. Umeme unaporudi, pampu yake huwaka palepale, na badala ya povu, yanayopanda shingoni ni maji yenyewe, yakikisuuza kikombe na kurudisha tangini uchafu wa siku tatu.

Kwangu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiongezea urahisi: mrija uliotoka chini ya kikombe hadi kwenye dumu la lita 5 pembeni ya kabati, ili nisiwe nasafisha kila mara. Jumamosi moja umeme ulikatika tukiwa harusini Mbagala. Uliporudi, skima iliwaka, lakini pampu kuu haikuwaka, kwa kuwa punje ya mchanga ilikuwa imebana pangaboi lake. Maji ya chini hayakupungua, skima ikaendelea kuyatapika kupitia mrija, dumu likajaa, na yaliyobaki yakaenda sakafuni hadi chini ya zulia. Mke wangu alifungua mlango, akanusa, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko ya ukali, “Baba Amani, bahari yako imekufuata nyumbani.”

Marekebisho niliyoyafanya hayakuwa ya gharama. Nilitoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, karibu kabisa na uso wa maji, ili livute hewa mapema na kuvunja mvuto. Sasa maji yanayoshuka hayafiki lita 5. Niliweka taima inayochelewesha skima dakika 10 baada ya umeme kurudi, mpaka maji yatulie kwenye kina chake. Dumu nalo lina boya linalokata umeme wa skima likijaa. Na waya zote za kabati zina kitanzi kinachoning’inia chini ya soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke kabla ya kufika pasipotakiwa.

Kwa upande wa ununuzi, somo hilo lilinipeleka kwenye pampu za umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 24. Adapta zake nyingi hukubali volti 100 hadi 240 na mizunguko 50 au 60, hivyo tatizo la shemeji linaisha. Kasi yake hurekebishwa kwa kitufe, na huweza kuendeshwa kwa betri. Lakini muulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: umeme ukirudi, inajiwasha yenyewe kwa kasi ileile, au inasubiri mtu aje kubonyeza? Zipo za aina zote mbili, na inayosubiri kubonyezwa haifai kwa mtu anayeshinda kazini Posta.

Nilidhani pia kwamba faida ya betri ni kuendesha skima wakati wa giza. Sivyo. Pampu kuu ikisimama, skima inasafisha na kupulizia hewa maji ya tangi la chini peke yake, wakati samaki wako juu wakihema. Betri nimeifunga kwenye pampu ndogo ya hewa iliyo kwenye tangi la juu, na skima huachwa ilale na umeme.

Jambo lingine la hapa kwetu ni hewa yenyewe. Skima huvuta mamia ya lita kwa saa ya hewa ya chumba na kuisaga ndani ya maji, kwa hiyo kilicho hewani huwa kimo majini muda si mrefu. Dawa za mbu za kupuliza, zile za makopo ambazo kila nyumba ya Dar inazo, zimetengenezwa kwa sumu ambayo huua samaki, na kamba hata zaidi, kwa kiasi kidogo sana. Nyumbani tuna sheria: hakuna anayepuliza dawa kabla skima haijazimwa, madirisha kufunguliwa na tangi kufunikwa, na haiwashwi mpaka harufu iishe. Siku ya Ijumaa, mama mkwe anapofukiza udi, naizima pia, na nimemweleza kwa heshima zote kwamba tatizo si udi wake. Sasa nimeurefusha mrija wa hewa hadi nje ya dirisha la upande wa bustani, jambo ambalo limeleta faida nisiyoitegemea. Tukilala na kiyoyozi na madirisha yamefungwa, hewa tunayotoa pumzi hujaa chumbani na kushusha pH ya maji, yaani huyafanya yaelekee kwenye asidi. Tangu mrija utoke nje, kipimo changu cha asubuhi kiko karibu na 8.1, badala ya 7.9 ya zamani.

Mengine ni madogo. Pima urefu wa kabati pamoja na nafasi ya kukitoa kikombe juu, maana rafiki yangu mmoja wa Tabata ana skima inayoingia kabatini vizuri na isiyoweza kufunguliwa mpaka tangi zima lihamishwe. Pima na upana wake. Soma wati pia: pampu ya wati 15 hula kama uniti 11 za Luku kwa mwezi, na ya wati 40 hula karibu 29. Agiza pangaboi la akiba na oringi (mipira ya kuzuia kuvuja) za akiba pamoja na mashine, siyo baadaye. Mzigo kutoka Guangzhou ukija kupitia mawakala wa Kariakoo, kipande cha gramu 50 hakiongezi chochote kwenye gharama, ila kikija peke yake kitakugharimu kusubiri mwezi mzima.

Skima niliyoinunua ni ya kukaa ndani, pampu ya volti 24, wati 14, na boksi lake linasema lita 600 kwa samaki wachache na 350 kwa samaki wengi. Siku kumi za kwanza ilitapika povu jeupe bila mpangilio, kwa sababu ya mabaki ya kiwandani yaliyoshika kwenye plastiki, ingawa nilikuwa nimeiosha kwa siki. Sikuigusa. Siku ya kumi na moja povu lilituama katikati ya shingo na kuanza kubadilika rangi. Hadi leo nikiingiza mkono tangini bila kuosha losheni, au nikiwapa samaki chakula chenye mafuta, povu hushuka kwa saa kadhaa kisha hurudi lenyewe, na nimejifunza kutoikimbilia vali.

Shingo naifuta kila Jumatano na Jumapili, kwa kuwa utando wa mafuta ukishika ukutani povu haliwezi kupanda. Kila baada ya miezi miwili pampu hulazwa kwenye siki nyeupe usiku kucha, na tundu la kuvutia hewa huoshwa kwa maji ya moto, maana chumvi huliziba taratibu bila mtu kujua. Nilianza kwa kuiweka itoe povu jepesi lenye maji mengi, nikifurahia kikombe kinavyojaa, hadi kipima chumvi kiliposhuka kutoka 1.025 hadi 1.023 ndani ya wiki tano: nilikuwa natupa maji ya bahari na kujazia maji baridi. Nimepunguza kasi kidogo. Kikombe sasa hupata nusu glasi kwa siku tatu, nyeusi kama kahawa ya mtaani, na mzee jirani alipokuja wiki iliyopita nilimfunulia aone. Alirudi nyuma hatua mbili, akashika pua, akasema hiyo ndiyo yenyewe.